Kim Ku: mzee aliyekataa kuongoza nusu ya nchi

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Ikitajwa Korea wengi wetu tunawaza tamthilia, simu na magari. Tukiingia kwenye siasa tunawataja Kim Il-sung wa kaskazini na Syngman Rhee wa kusini, wale wawili waliobaki na vipande vya nchi mwaka 1948. Yupo wa tatu ambaye hakupata kipande chochote, na kwangu mimi huyo ndiye mkubwa wao. Anaitwa Kim Ku. Aliongoza serikali isiyokuwa na ardhi, Wajapani wakamtafuta kwa miaka, akarudi nyumbani mzee, halafu akasusia uchaguzi kwa sababu ulikuwa unampa Mkorea nusu ya nchi yake. Mwaka mmoja na ushee baadaye akapigwa risasi na mwanajeshi wa nchi yake mwenyewe.

Uzi ni mrefu, nitauleta kwa vipande. Mwenye swali aulize palepale.

Alizaliwa mwaka 1876 Haeju, mkoa wa Hwanghae. Mahali hapo mpawekee alama, maana Haeju iko kaskazini kidogo tu ya mstari wa nyuzi 38, ule uliokuja kuipasua Korea. Ukoo wao ulikuwa wa watu wenye vyeo zamani, lakini ulishaanguka vizazi vingi nyuma na wao wakaishi kama wakulima wa kawaida. Utotoni ndui ilimwachia makovu usoni. Akiwa kijana wa miaka 16 hivi akaenda kufanya mtihani wa serikali wa kuingia utumishi, akakuta nafasi zinauzwa waziwazi kwa wenye pesa. Akaachana nao. Baba yake akamshauri ajifunze kusoma nyuso za watu, fani iliyokuwa na soko kule. Akajitazama kwenye kioo kwa miezi, na kwa kanuni za vitabu vile akaona uso wake hauna dalili hata moja ya heri. Kilichomwokoa ni sentensi aliyoikuta humohumo kitabuni, kwamba uso mzuri haufikii mwili mzuri, na mwili mzuri haufikii moyo mzuri. Anasimulia haya mwenyewe kwenye kumbukumbu zake, Baekbeom Ilji, na mengi ya utoto na uhamishoni ninayoyaleta hapa yametoka humo.

Kutoka hapo akaingia Donghak, vuguvugu la kidini la wakulima lililofundisha kwamba watu wote ni sawa. Mwaka 1894 Donghak waliponyanyuka dhidi ya watawala, Kim Ku akiwa na miaka 18 aliongoza kikosi kuushambulia mji wa Haeju. Walishindwa.

Oktoba 1895 Wajapani wakaingia ikulu ya Seoul na kumuua malkia wa Korea. Fikirieni fedheha ya taifa zima. Machi 1896, kwenye nyumba ya wageni huko Chihapo, Kim Ku alimwona mtu aliyevaa Kikorea lakini akamtambua kuwa ni Mjapani mwenye upanga. Akaamini ni mmoja wa wauaji wa malkia. Akamuua, akaandika jina lake na anwani yake ukutani, akarudi kwao kusubiri kukamatwa.

#2 Mdau

Mkuu kabla hujaendelea, huyo Mjapani alikuwa askari kweli? Maana tusije tukasifia mauaji ya mpita njia.

#3 Mleta mada

Swali zito hilo na halikwepeki. Kim Ku aliamini hadi anakufa kwamba Mjapani huyo, jina lake Tsuchida, alikuwa afisa wa jeshi. Nyaraka za Kijapani za wakati ule zinamwandika kuwa mfanyabiashara, na hakuna ushahidi uliowahi kumuunganisha na kifo cha malkia. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 alimuua mtu asiyemjua kwa kumdhania. Hilo ni doa, na anayempenda Kim Ku anapaswa kulibeba pamoja na mengine.

Tuendelee. Alihukumiwa kufa. Mfalme Gojong akazuia hukumu isitekelezwe, akabaki gerezani Incheon, ambako alisoma vitabu vya elimu ya Magharibi kwa mara ya kwanza na kuwafundisha wafungwa wenzake kusoma. Mwaka 1898 akatoroka. Akanyoa kichwa na kuwa mtawa wa Kibudha kwenye hekalu la Magoksa, baadaye akaacha utawa, akawa Mkristo, akafungua na kufundisha shule vijijini. Mtu huyu kapita Donghak, Ubudha na Ukristo, na kila sehemu alikuwa anauliza jambo lilelile: watu wa chini watainukaje.

Mwaka 1910 Japani ikaimeza Korea rasmi. Mwaka 1911 Kim Ku akakamatwa kwenye msako wa wazalendo, akateswa, akahukumiwa miaka 15. Mama yake, Kwak Nak-won, alikwenda kumwona gereza la Seodaemun na kumwambia kwamba anaona fahari kuliko kama mwanawe angekuwa gavana wa mkoa. Humo gerezani alijipa jina la Baekbeom, maana yake mtu wa kawaida kabisa, wa tabaka la wachinjaji waliodharauliwa kuliko wote. Alitaka hata hao wa chini wawe na uzalendo kama wake, maana bila wao uhuru hauji.

Na humo ndani alikuwa akifagia ua wa gereza huku akiomba siku moja apate kufagia ua wa serikali ya Korea huru. Nitawaonesha maombi hayo yalifika wapi.

#4 Mleta mada

Machi 1, 1919 Wakorea waliingia barabarani nchi nzima wakidai uhuru. Wajapani walijibu kwa risasi. Kim Ku, ambaye alishapunguziwa kifungo na kuachiwa, akavuka kwenda Shanghai. Huko Wakorea wa uhamishoni wakaunda Serikali ya Muda tarehe 11 Aprili 1919, ndani ya eneo lililokuwa chini ya Wafaransa ambako polisi wa Kijapani hawakuwa na uhuru wa kukamata.

Kim Ku akamwendea Ahn Chang-ho, mmoja wa vigogo wa serikali ile, akaomba kazi ya kulinda mlango. Mlinzi wa geti! Alisema kweli, hakuwa anajishusha ili asifiwe. Wakampa ukuu wa polisi.

Rais wa kwanza wa serikali hiyo alikuwa Syngman Rhee, msomi mwenye shahada ya udaktari ya Princeton, aliyetumia muda mwingi Marekani kuliko Shanghai. Mwaka 1925 wenzake wakamwondoa. Serikali ikabaki mifupa: makundi yamegombana, wengine wamerudi nyumbani, kodi ya ofisi haijalipwa. Mwaka 1926 uongozi ukamwangukia Kim Ku, ambaye mwanzoni alikataa akisema mtoto wa mkulima wa kijijini akiongoza nchi ataishushia heshima. Alikuwa analala ofisini na kula kwa Wakorea wenye kazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

#5 Mdau

Samahani mkuu, na familia yake? Historia hizi za wanaume wa mapambano huwa zinawaruka wanawake, wakati ndio waliokuwa wanabeba mzigo.

#6 Mleta mada

Ahsante sana dada, ni kweli kabisa.

Mkewe, Choe Jun-rye, alimfuata Shanghai. Baada ya kujifungua mtoto wa kiume wa pili aliporomoka kwenye ngazi, kisha akaugua mapafu. Akalazwa kwenye hospitali ya wamisionari iliyokuwa nje ya eneo la Wafaransa, kwa hiyo mumewe hakuthubutu kwenda, angekamatwa mlangoni. Alikufa tarehe 1 Januari 1924 mumewe hayupo.

Watoto wakalelewa na bibi yao. Kwak Nak-won alikuwa akipita usiku nyuma ya nyumba za watu kuokota majani ya kabichi yaliyotupwa, anayaosha na kuyatia chumvi ili familia ile. Miaka ya baadaye, wakiwa Nanjing, wapiganaji walichangishana kumfanyia sherehe ya kuzaliwa. Akawaambia wampe hizo pesa taslimu atanunua anachokipenda mwenyewe. Akanunua bastola mbili, akawakabidhi. Mama huyo alifariki Chongqing mwaka 1939 bila kuiona Korea tena.

Yupo na Zhu Aibao, mwanamke wa Kichina mwendesha mtumbwi wa Jiaxing, nitamfikia sasa hivi.

#7 Mleta mada

Mwaka 1931 Kim Ku aliona kwamba dunia imeshaisahau Korea. Akaunda kikundi kidogo cha siri. Januari 8, 1932, Lee Bong-chang alimrushia mfalme wa Japani bomu mjini Tokyo. Halikumpata. Lee akanyongwa Oktoba mwaka huohuo.

Kisha ikaja Aprili 29, 1932. Wajapani walikuwa wameshinda mapigano ya Shanghai na waliandaa gwaride la ushindi siku ya kuzaliwa kwa mfalme wao, kwenye bustani ya Hongkew. Wahudhuriaji waliruhusiwa kuja na chupa ya maji na kisanduku cha chakula, kwa hiyo mabomu yakatengenezwa kwa maumbo hayohayo. Asubuhi ile Kim Ku alikula na kijana Yun Bong-gil, mwenye miaka 23. Yun akamwomba wabadilishane saa za mfukoni. Yake ilikuwa mpya, thamani yake mara tatu ya ile ya mzee, na akaeleza kwamba yeye ataihitaji kwa saa moja tu.

Bomu lilimuua Jenerali Shirakawa, kamanda wa jeshi la Japani Shanghai, pamoja na kiongozi wa wakazi wa Kijapani. Admirali Nomura akapoteza jicho. Balozi Shigemitsu akapoteza mguu. Kumbukeni jina la Shigemitsu: Septemba 2, 1945 ndiye aliyepanda meli ya kivita Missouri kwa mguu wa bandia kusaini hati ya Japani kusalimu amri.

Yun alipigwa risasi Japani Desemba 1932. Kim Ku alitangaza hadharani kwamba yeye ndiye aliyepanga yote, ili wasio na hatia wasiteswe, na zawadi ya kichwa chake ikafika yuani 600,000. Mmisionari wa Kimarekani, George Fitch, ndiye aliyemficha nyumbani kwake. Walipogundua nyumba inatazamwa, Fitch akashika usukani kama dereva na Kim Ku akakaa nyuma na Bi Fitch wakijifanya mume na mke. Wakatoka.

Akajificha Jiaxing akijiita Mchina wa Guangdong. Ili asishukiwe aliishi kwenye mtumbwi na Zhu Aibao kama mke na mume, takriban miaka mitano, bila mama huyo kujua ni nani hasa anayemficha. Vita vilipofika Nanjing mwaka 1937 alimrudisha kwao na yuani 100 mkononi. Baadaye aliandika kwamba jambo hilo linamuuma, kwamba angempa zaidi kama angejua hawataonana tena.

#8 Mdau

Hapa mkuu nitakupinga. Kumtuma kijana wa miaka 23 na bomu kwenye mkusanyiko wa watu, leo tungeuita ugaidi. Na wewe unasimulia kwa fahari.

#9 Mleta mada

Nakuelewa. Jukwaa lile lilikuwa la makamanda wa jeshi lililokuwa limetoka kuipiga Shanghai kwa mabomu, na Korea ilikuwa haina mahakama yake, bunge wala gazeti huru la kupelekea malalamiko. Kwangu hiyo ni vita. Ila gharama ilikuwepo, na ilianguka hata kwa wasiopanga. Siku ileile Wajapani walimkamata Ahn Chang-ho, yule ambaye Kim Ku alimwomba kazi ya geti. Akarudishwa Korea, akafungwa, na afya yake haikupona, akafa 1938.

Matokeo ya kisiasa hayabishaniwi. Chiang Kai-shek, kiongozi wa China, ambaye awali hakuwajali Wakorea, mwaka 1933 alimpokea Kim Ku Nanjing, na vijana wa Kikorea wakapata darasa lao kwenye chuo cha kijeshi cha Luoyang.

#10 Mleta mada

Vita vya China nitavipita haraka. Serikali ya Muda ilihama mji kwa mji mbele ya majeshi ya Japani. Mei 1938 huko Changsha, wakiwa kwenye mazungumzo ya kuunganisha vyama, Mkorea mwenzao aliingia na bastola akafyatua. Madaktari walimwona Kim Ku ni maiti tayari wakamweka pembeni. Alipona, lakini tangu hapo mkono ulitetemeka, na maandishi yake ya brashi ya miaka ya mwisho yana mtetemo huo.

Mwaka 1940 walifika Chongqing, wakaunda Jeshi la Ukombozi, yeye akawa mwenyekiti wa serikali. Desemba 1941 wakaitangazia Japani vita. Mwaka 1945 vijana wao walifundishwa na shirika la ujasusi la Marekani, OSS, tayari kushushwa ndani ya Korea. Agosti hiyo Kim Ku alikuwa Xi'an kukagua mafunzo, ndipo akaambiwa Japani imesalimu amri. Wengine walishangilia. Yeye aliona kama mbingu imemwangukia, kwa sababu Wakorea walikuwa hawajapigana katika ukombozi wao wenyewe, na aliyekukomboa atataka kukaa kiti cha mbele.

Hofu ile ilitimia. Siku hizohizo, maafisa wawili wa Marekani mjini Washington walichukua ramani na kuchagua mstari wa nyuzi 38: Warusi wapokee silaha za Wajapani kaskazini, Wamarekani kusini. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Kim Ku aliporuhusiwa kurudi Novemba 23, 1945, jeshi la Marekani lilimpandisha ndege kwa sharti kwamba anarudi kama raia binafsi, serikali yake haitambuliki. Miaka 26 ya uhamishoni, halafu unaingia kwenu kama abiria. Na mwanawe mkubwa, Kim In, alikuwa amefariki Chongqing Machi mwaka huohuo.

#11 Mdau

Na ile habari ya udhamini? Nimewahi kusikia kwamba Wakorea waliukataa. Sisi Tanganyika tulikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa toka 1946 hadi uhuru, ndiyo maana nauliza.

#12 Mleta mada

Ndio huohuo mkuu. Desemba 1945 mawaziri wa nje wa Marekani, Urusi na Uingereza walikubaliana Moscow kwamba Korea iwekwe chini ya udhamini wa mataifa manne, China ikiwa ya nne, kwa muda usiozidi miaka mitano. Kim Ku aliongoza upinzani. Kwake hiyo ilikuwa kubadilisha jina la mkoloni. Wakomunisti mwanzoni walipinga pia, kisha wakageuka kuunga mkono, na kuanzia hapo siasa za Seoul zikawa za damu. Wanasiasa wakauawa mmoja baada ya mwingine. Kim Ku mwenyewe Machi 1948 aliitwa shahidi kwenye mahakama ya kijeshi ya Marekani kuhusu mauaji ya Chang Deok-su, kwa kuwa washitakiwa walikuwa watu wa upande wake. Alikana kuhusika. Hali ilikuwa hivyo.

Sasa tufike pale nilipotaka.

Mazungumzo ya Marekani na Urusi yalikwama, na ukaja mpango wa uchaguzi wa kusini peke yake. Rhee aliunga mkono. Kim Ku alikuwa mshirika wake dhidi ya udhamini, alikuwa mpinga ukomunisti wa siku nyingi, njia rahisi ilikuwa kuungana naye. Februari 1948 akatoa tamko kwa Wakorea milioni 30: ni heri aanguke kwenye mstari wa 38 akijaribu kujenga nchi moja kuliko kushiriki kuunda serikali ya upande mmoja kwa raha yake.

Aprili 19 vijana walizingira nyumba yake wasimruhusu kwenda kaskazini kwenye mkutano wa viongozi wa pande zote mbili. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akiwa na miaka 71, na jioni akavuka mstari pamoja na mwanawe Kim Shin na katibu wake. Picha yao watatu penye kibao cha mpaka ipo hadi leo.

#13 Mdau

Lakini si alitumika tu? Kim Il-sung alishajiandalia kila kitu.

#14 Mleta mada

Alitumika, ndiyo. Mkutano ulipangwa na kaskazini na maazimio yalishaandikwa. Alichofanikiwa yeye na mwenzake wa kusini Kim Kyu-sik ni kukaa faragha na Kim Il-sung na kiongozi mwingine wa kaskazini, Kim Tu-bong, wakapata ahadi: hakuna vita vya wenyewe kwa wenyewe, na umeme wa kaskazini utaendelea kuja kusini. Alirudi Mei 5. Mei 14 umeme ukakatwa. Mkutano wa pili kaskazini walipomwita akakataa kwenda.

Wengi humhukumu kwa hilo, kwamba alikuwa mzee wa ndoto. Mimi naona kinyume chake. Rhee na Kim Il-sung walihesabu madaraka vizuri, yeye alihesabu vita vizuri. Alisema wazi kwamba serikali mbili zitazaa ndugu kuuana. Agosti 1948 ikazaliwa Jamhuri ya Korea, Septemba ikazaliwa ya kaskazini, na Juni 25, 1950 vita vikaanza, vikaua mamilioni. Nani hapo alikuwa anaota?

Wabunge wa kusini walipopiga kura ya rais Julai 1948, Rhee alipata 180. Kim Ku, ambaye hakutaka hata kidogo kuingia humo, alipigiwa kura 13.

Juni 26, 1949, Jumapili mchana, luteni Ahn Doo-hee alipanda ghorofa ya pili ya nyumba yake Seoul na kumpiga risasi nne. Alizikwa Julai 5 mbele ya umati mkubwa, kwenye bustani ya Hyochang, alipokuwa ameshawazika Yun Bong-gil na Lee Bong-chang baada ya kuirudisha mifupa yao kutoka Japani. Yale maombi ya kufagia ua wa serikali huru hayakujibiwa kwa namna aliyoomba: ua ulikuwepo, nusu nchi.

#15 Mdau

Muuaji walimfanya nini?

#16 Mleta mada

Kifungo cha maisha, kikashuka hadi miaka 15, na vita vilipoanza 1950 akaachiwa na kurudishwa jeshini. Baadaye akawa mtu wa zabuni za jeshi. Rhee alipoondolewa 1960 akaanza kuishi kwa kujificha, watu wakimtafuta na kumpiga. Mwaka 1992 akaanza kutaja waliomtuma, akamtaja Kim Chang-ryong, bosi wa ujasusi wa jeshi, ambaye alishakufa. Oktoba 1996 dereva wa basi, Park Ki-seo, aliingia nyumbani kwake Incheon na kumuua kwa rungu alilokuwa ameliandika "rungu la haki".

#17 Mdau

Safi sana huyo dereva. Serikali ilishindwa, raia akamaliza kazi.

#18 Mleta mada

Hapana mkuu, hapo siwezi kwenda na wewe. Ahn alikuwa na miaka 79, mgonjwa, na huenda ndiye mtu pekee aliyebaki anayejua mlolongo wa amri ulipanda hadi wapi. Kamati ya Bunge ilishaandika mwaka mmoja nyuma yake kwamba mauaji hayakuwa kazi ya mtu mmoja, lakini haikupata ushahidi wa amri kutoka kwa Rhee mwenyewe. Ahn alikuwa amebadilisha maelezo yake mara nyingi, ila alikuwa hai na angeweza kubanwa. Park alifungwa, akasamehewa 1998, na wapo Wakorea wanaomheshimu. Mimi ningetaka Ahn aendelee kuhojiwa.